Kukarabati Kibao cha Namba cha Zamani kwa Ajili ya Gari la Kale

Majimbo mengi ya Marekani humruhusu mwenye gari la kale kufunga kibao cha namba cha mwaka uleule gari lilipotengenezwa, badala ya kibao cha kisasa. Gari la 1948 linaweza kurudi barabarani na kibao cha 1948, chenye rangi ambazo jimbo lake lilitumia mwaka huo, mradi namba hiyo haitumiwi na gari jingine na idara ya magari ya jimbo imeridhika kwamba kibao ni halisi na kinasomeka. Masharti hayo mawili, uhalisi na kusomeka, huvutana katika kila hatua ya kazi hii. Uhalisi unakutaka uache kila kitu kilivyo, hata mikwaruzo, ilhali kusomeka kunakutaka uondoe kutu na upake rangi upya. Mimi huegemea upande wa kuacha. Ikiwa kibao kinasomeka vizuri ukiwa umesimama hatua ishirini nyuma ya gari, kioshe, kipake nta, kifunge, na usikifanyie jambo jingine. Mwongozo huu ni wa vile ambavyo havisomeki tena.

Kabla ya kugusa rangi

Anza na karatasi. Wasiliana na idara ya magari ya jimbo lako uhakikishe kwamba namba iliyo juu ya kibao iko huru, kwa sababu hakuna huzuni kama ya kumaliza wiki tatu za kazi kisha kuambiwa kwamba namba hiyo imesajiliwa kwa lori la mtu mwingine. Uliza pia kama jimbo linakubali kibao kilichopakwa rangi upya, kwani masharti hutofautiana: kuna wanaokubali ikiwa rangi ni zilezile za awali, na kuna wanaotaka kukiona kibao au picha zake kabla ya kukiidhinisha. Uliza kama unahitaji kibao kimoja au jozi. Mwisho, chunguza mwaka wenyewe. Si kila mwaka ulikuwa na kibao chake kamili. Mnamo 1943, chuma kilipohitajika vitani, majimbo mengi yalitoa kipande kidogo cha bati cha kufunga juu ya kibao cha mwaka uliotangulia, au karatasi ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Baadaye stika za mwaka zikawa jambo la kawaida. Kwa gari la namna hiyo kibao peke yake hakitoshi, bali utahitaji pia kipande au stika ya mwaka unaohusika.

Angalia vilevile kama kibao kinaingia mahali pake. Vibao vya zamani vilikuwa vya vipimo vingi, vingine virefu na vyembamba, na vile vya Tennessee vya kati ya 1936 na 1956 vilikatwa kwa umbo la jimbo lenyewe. Kipimo cha inchi 6 kwa 12, yaani milimita 152 kwa 305 hivi, kilikubaliwa katikati ya miaka ya 1950 na kuenea karibu nchi nzima kuanzia 1957. Kwa vipimo vya kabla ya hapo, tafuta kishikizo cha enzi ileile. Usitoboe kibao matundu mapya ili kukilazimisha kikae kwenye kishikizo cha kisasa.

Kujua kibao kimetengenezwa kwa kitu gani

Sheria ya New York ya 1901 ilimtaka mwenye gari aonyeshe herufi za jina lake, na kibao alijitengenezea mwenyewe, kwa ngozi, kwa mbao au kwa herufi za chuma. Massachusetts ilianza kutoa vibao vya serikali mwaka 1903, navyo vilikuwa vya bati lililofunikwa kwa enameli. Tangu hapo yametumika mabati ya kila aina, na kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii ni kuanza kabla ya kujua umeshika nini. Chukua sumaku. Ikinasa, una chuma, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inakuhusu. Isiponasa, simama kwanza.

Inawezekana ni aluminiamu, ambayo Connecticut iliitumia tangu 1937 na majimbo mengine yakafuata. Inawezekana ni shaba nyekundu, kama vibao vya Arizona vya 1932 hadi 1934, ambavyo havifai kusuguliwa mpaka ving'ae kwa sababu rangi ya uzee ya shaba ndiyo fahari yake. Tena inawezekana si madini kabisa. Illinois, kuanzia 1943 hadi 1948, ilitoa vibao vya ubao mgumu uliotokana na soya ili kuokoa chuma. Ubao huo hunyonya maji, huvimba na kuachana matabaka, kwa hiyo usiuloweke wala kuupaka dawa ya kutoa rangi. Pangusa vumbi kwa brashi laini, funga kingo zilizoachana kwa gundi nyembamba, na kama sheria ya jimbo inakuruhusu kutumia nakala, basi panda barabarani na nakala na kilicho halisi kikae ndani ya nyumba.

Vibao vya enameli navyo vina kanuni yake. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya bati ndani ya tanuri, na hakuna rangi ya kopo inayofanana nayo. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, gusa kutu iliyo kwenye sehemu zilizobanduka kwa ncha ya brashi yenye tone la asidi ya fosforasi, suuza, kausha, kisha paka nta. Usizibe vipande vilivyobanduka. Ukiviziba kwa rangi, baada ya mwaka mmoja vitaonekana kama viraka, na aliyekuwa tayari kukisifia kibao kwa uzee wake atakiona kama kitu kilichoharibiwa.

Kumbukumbu na rangi

Piga picha mbele na nyuma, kwa mwanga wa jua na kwa mwanga wa pembeni. Weka karatasi nyembamba juu ya kibao na uisugue kwa penseli iliyolazwa ubavu ili upate alama ya kila tarakimu, kila nukta na kila pindo; karatasi hiyo itakusaidia baadaye kujua kama mstari fulani ulipakwa rangi au uliachwa.

Swali la rangi ndilo gumu, kwani majimbo mengi yalibadilisha rangi kila mwaka, na jua limekwisha kuzidanganya. Nyekundu huwa ya chungwa, buluu huwa ya kijivu, na nyeupe huwa ya maziwa. Usiiamini rangi unayoiona katikati ya kibao. Fungua bolti za zamani kwa uangalifu na utazame duara dogo lililokuwa chini ya kichwa cha bolti au chini ya kipande cha bati cha mwaka. Jua halikufika hapo. Kuna kibao kimoja nilichokiamini kuwa cha rangi ya udongo mpaka nilipotoa washa ya bolti iliyokuwa imeganda juu yake, nikakuta pete ya kijani kibichi yenye upana wa ukucha, inang'aa kana kwamba ilipakwa jana. Paka tone la nta juu ya duara hilo, nalo litarudisha kina chake. Ukipeleka kibao kwa muuza rangi mwenye mashine ya kusoma rangi, mwelekeze asome hapo na si penginepo. Usiivue rangi ya zamani mpaka uwe na kopo la rangi mpya mkononi na umelilinganisha na duara hilo kwa mwanga wa mchana.

Kuvua rangi ya zamani

Chukulia kwamba kila kibao cha enzi hizo kina madini ya risasi kwenye rangi yake. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978 tu, na risasi ilitumika sana katika rangi za njano, chungwa na kijani. Kwa hiyo usisugue rangi ikiwa kavu wala usiichome kwa moto. Vumbi na moshi wake ni sumu, hasa kwa watoto, na vumbi hilo huingia nyumbani kupitia nguo. Vaa glavu, miwani na barakoa ya kuchuja, fanya kazi nje au mahali penye hewa ya kutosha, na mabaki yote uyafunge kwenye chombo na kuyapeleka panapopokelewa taka zenye sumu.

Kwa chuma, dawa ya jeli ya kutoa rangi inatosha. Zile za zamani zenye methilini kloridi zimeondolewa kwenye maduka ya rejareja ya Marekani tangu 2019 kwa sababu zimewaua watu waliozitumia katika vyumba vilivyofungwa. Zilizochukua nafasi yake hufanya kazi polepole, kwa hiyo ipake nene, funika kwa karatasi ya plastiki, na uiache hata usiku kucha. Kisha kwangua kwa kipande cha plastiki au cha mti na umalizie pembe za tarakimu kwa mswaki mgumu. Brashi ya waya huacha mikwaruzo ambayo rangi mpya itaitangaza.

Wengine huloweka vibao vya chuma ndani ya maji ya kostiki soda, nayo huvua rangi vizuri sana. Ila kamwe usiitie aluminiamu humo. Miaka kadhaa iliyopita nilitumbukiza jozi ya vibao bila kupima kwa sumaku, kwa kuwa vilikuwa na uzito niliouzoea. Maji yalianza kutoa mapovu kabla sijavua glavu, na nilipovitoa dakika chache baadaye kingo zilikuwa zimelika na tarakimu moja imekuwa nyembamba kama karatasi. Kostiki huiyeyusha aluminiamu na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Jozi ile haikupata kufungwa kwenye gari tena.

Kuondoa kutu

Kutu nyepesi huondoka kwa kulowekwa ndani ya siki nyeupe kwa siku moja, huku ukitazama mara kwa mara. Kwa kutu nzito napendelea njia ya umeme, kwa sababu haigusi chuma kizima kilicho chini ya kutu. Chukua beseni la plastiki, lijaze maji, na uchanganye magadi ya kufulia, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne. Tumbukiza kipande cha chuma chakavu kisichogusana na kibao. Unganisha waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12 kwenye kibao na waya chanya kwenye chuma chakavu. Ukikosea, kibao chako ndicho kitakacholiwa. Chuma chakavu kisiwe cha pua, kwa sababu hutoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji, wala kisiwe kilichopakwa zinki. Zima chaja kabla ya kuingiza mkono, na fanya kazi hii nje, mbali na moto, maana mapovu yanayopanda ni haidrojeni.

Baada ya saa kadhaa kutu itakuwa imegeuka tope jeusi linalofutika kwa brashi. Suuza, futa kwa kitambaa na ukaushe mara moja kwa hewa ya moto. Bati tupu hushika kutu mpya kwa dakika, hasa siku ya unyevunyevu, kwa hiyo panga kazi ili praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia zile nyingine, ifuate siku hiyohiyo.

Kunyoosha na kuziba

Vibao vingi vilikunjwa pembe au kupigwa na mawe. Laza kibao kifudifudi juu ya ubao laini na ugonge kwa nyundo ya mpira, ukianza pembeni mwa mkunjo na kuelekea katikati yake. Karibu na tarakimu weka kipande cha mti mgumu kilichochongwa kwa upana wa nafasi iliyopo, ugonge mti na si bati, kwani tarakimu iliyobonyea hairudi tena katika umbo lake. Usitafute kibao kinyooke kama kioo. Kilipotoka kwenye mashine hakikuwa hivyo.

Matundu yaliyotobolewa na wamiliki wa zamani yanaweza kuzibwa kwa kulehemu au kwa epoksi yenye unga wa chuma, ukiweka kiraka upande wa nyuma na kusawazisha mbele. Mashimo madogo ya kutu huzibwa kwa puti laini baada ya praima. Pasipo na lazima, acha. Tundu la zamani lililo safi halimzuii mtu yeyote kusoma namba.

Praima na rangi ya chini

Futa kibao kwa kitambaa chenye spiriti ya kutoa mafuta na tangu hapo usikiguse kwa vidole vitupu. Bati tupu na aluminiamu zote zinahitaji praima inayong'ata madini. Nyunyizia mikono miwili myembamba, acha ikauke kabisa, kisha sawazisha kwa msasa wa maji namba 400, ukizunguka tarakimu kwa msasa uliokunjwa juu ya kidole. Ukiona chuma kinachungulia kwenye migongo ya tarakimu, rudia praima hapo.

Rangi ya chini ndiyo inayofunika kibao chote pamoja na tarakimu. Tumia enameli ya mafuta (hii ni rangi ya kopo, si ile enameli ya kioo) au rangi ya magari ya vijenzi viwili, na unyunyizie mikono mitatu myembamba, kila mmoja kwa mwelekeo tofauti, ili pembe za tarakimu zisibaki na kivuli. Rangi nene hujaa kwenye kona na kuzifanya tarakimu zionekane zimevimba. Paka nyuma pia, kwa rangi iliyotumika nyuma ya kibao chako hapo awali, ambayo kumbukumbu yako itakuambia.

Sasa inakuja hatua ambayo watu huiruka, nayo ni kungoja. Enameli ya kawaida ikae siku saba mahali pakavu kabla ya hatua inayofuata. Sababu utaiona mara tu utakapokosea.

Tarakimu

Katika viwanda vilivyotengeneza vibao hivi, vingi vikiwa ndani ya magereza, tarakimu zilizoinuka hazikupakwa kwa brashi. Kibao kilipitishwa chini ya rola yenye rangi, nayo ikagusa migongo tu. Fanya hivyohivyo. Brashi, hata mkononi mwa mchoraji hodari, huacha mstari unaotetema pembeni, na jicho hulitambua hilo mara moja.

Tafuta rola ndogo ya mpira mgumu kama zinazotumiwa na wachapaji wa michoro ya mbao, yenye upana usiopungua sentimita 10. Rola ya sponji haifai, kwa kuwa huzama kati ya tarakimu. Weka kibao juu ya meza iliyo sawa na ukishike kwa tepu kwenye kingo ambazo hazina pindo lililoinuka. Mimina rangi ya mabango, kijiko kimoja cha chai tu, juu ya kipande cha kioo, na uiviringishe rola mara nyingi mpaka rangi iwe utando mwembamba ulio sawa. Sikiliza: rangi ikiwa nyingi, rola hupita kimya na kuteleza, ikiwa imefikia kiasi chake, hutoa mlio mdogo wa kunata, kama tepu inayobanduliwa polepole. Huo ndio wakati wa kwenda kwenye kibao.

Viringisha kwa uzito wa rola yenyewe bila kukandamiza, kwa urefu wa kibao, kutoka ukingo hadi ukingo bila kusimama katikati. Mviringisho wa kwanza utaonekana dhaifu na wenye madoa. Usishawishike kuongeza rangi. Acha ikauke kwa muda unaoelekezwa kwenye kopo, kisha rudia mara ya pili, na ikibidi mara ya tatu. Jaribu kwanza kwenye kibao chakavu. Mimi hufanya hivyo kila mara, hata baada ya miaka mingi.

Rola ikigusa rangi ya chini, nayo itagusa siku moja, usiogope. Zungushia kitambaa kisicho na nyuzi kwenye ncha ya kijiti, kiloweshe kidogo kwa spiriti ya madini na ufute doa papo hapo. Kama ulingoja siku saba, rangi ya chini itabaki salama. Kama hukungoja, italainika na kuja pamoja na doa, nawe utarudi kwenye msasa. Usitumie thina kali ya nitro kwa kazi hii kwa hali yoyote.

Kwenye vibao ambavyo tarakimu zimezama ndani badala ya kuinuka, kazi hugeuka: jaza rangi ndani ya tarakimu, kisha futa uso kwa kadi iliyozungushiwa kitambaa kabla haijakauka. Vibao vilivyopakwa chembe za kioo ili virudishe mwanga usiku vinahitaji chembe hizo zinyunyizwe juu ya rangi ingali mbichi. Vile vilivyobandikwa utando wa kurudisha mwanga haviwezi kurudishwa kwa njia hii, kwani ukivua rangi umeuvua na utando.

Vanishi na kufunga kwenye gari

Kuhusu vanishi ya wazi mafundi hawakubaliani. Vibao vya awali havikuwa nayo, na vanishi yenye mng'ao mkali hukifanya kibao kionekane kama nakala. Kwa gari linalotembea kila wiki ninakubali mkono mmoja mwembamba wa vanishi isiyong'aa sana, baada ya kuijaribu kwenye kibao chakavu ili kuhakikisha haikunji enameli iliyo chini. Kwa gari linalotoka mara chache, nta ya magari kila baada ya miezi mitatu hadi minne inatosha.

Acha kibao wiki mbili kabla ya kukifunga. Tumia bolti za chuma cha pua na washa za nailoni au mpira pande zote mbili, ili kichwa cha bolti kisile rangi. Kama kibao ni chembamba au kina historia ya kupasuka, weka nyuma yake bamba la aluminiamu lililokatwa kwa umbo lake na kutenganishwa nacho kwa mpira, kwa kuwa mtetemo ndio unaopasua matundu ya bolti. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko tu kwa spana. Kibao cha enameli ya kioo kisikazwe hata kiasi hicho. Kiache kicheze kidogo, maana kioo hupasuka pale kinapobanwa. Hakikisha taa ya nyuma inamulika tarakimu zote na kwamba fremu ya kishikizo haifuniki jina la jimbo wala mwaka, kwani hayo ndiyo polisi wa barabarani atakayoyatafuta kwanza. Baada ya safari ya kwanza ndefu, kagua bolti tena.

Zile bolti za zamani, picha ulizopiga na karatasi ya alama za penseli vitie ndani ya bahasha moja pamoja na hati za gari. Andika juu yake ulichokivua, ulichokipaka na tarehe, ili atakayelimiliki gari baada yako ajue ni kipi cha kiwanda na ni kipi cha mkono wako.